Mwalimu aliyechoka kazi akiwa adui wa katuni: nimchoreje ili watoto wamcheke badala ya kumkimbia?

Mchoraji wa Pasua (Moshi) ameuliza:

Habari za jioni wana jukwaa. Ninachora katuni za watoto hapa Moshi, na kwa miezi kadhaa sasa nimehangaika na kipande cha dakika mbili ambacho steringi wake ni binti wa darasa la tano, na adui wake ni mwalimu wa hisabati niliyempa jina la Mwalimu Kisirani. Ni mtu mrefu, mwembamba, koti lake limepauka mabegani kwa vumbi la chaki, macho yamemwingia ndani, na kila anapoingia darasani anausukuma mlango kwa ncha ya fimbo kana kwamba kitasa kimepakwa upupu. Nilidhani nimemaliza kazi. Jumapili nikawaonyesha watoto wa dada yangu. Mkubwa alitazama mpaka mwisho bila kucheka hata mara moja, kisha akaniambia kwa upole, "Mjomba, huyu anafanana na mwalimu wetu wa zamu." Mdogo hakuwepo tena sebuleni, tulimkuta jikoni amejibanza kwa bibi yake.

Baada ya hapo nikamlegeza. Nikampa kitambi, nikamvalisha tai ya maua, nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Safari hii walicheka, lakini mwalimu wangu akawa kama MC wa harusi aliyekosea ukumbi: hakuna anayemwogopa, kwa hiyo binti hana wa kupambana naye, na hadithi imelala.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba watoto walewale huanguka chini kwa kicheko wakimtazama Bwana Crocker, yule mwalimu wa katuni ya Kimarekani ya The Fairly OddParents, ambaye kwa matendo ni mbaya kuliko wangu mara kumi. Anagawa alama za kufeli kama mtu anayegawa karanga, anamwinda mwanafunzi mmoja mchana na usiku, na bado hawamkimbii. Naomba mwenye uzoefu anieleze tofauti iko wapi, kwa maana mimi nimeitafuta kwenye sura na sikuiona.

Fundi wa Fremu (Kijenge, Arusha) amejibu:

Ndugu Mchoraji, mwalimu wako anawatisha watoto kwa sababu anafanikiwa. Anainua fimbo, fimbo inatua, mtoto analia, tunahamia picha inayofuata. Hapo hakuna katuni. Kuna Jumatatu ya kawaida.

Mtazame tena huyo Crocker. Katuni ile iliyobuniwa na Butch Hartman ilianza mwaka 2001, na ndani yake mwalimu huyo anaamini kwamba mwanafunzi wake ana viumbe vya ajabu vinavyomtimizia kila analotamani. Utamu wa hadithi ni kwamba mwalimu anasema kweli: viumbe hivyo vipo. Ila watu wazima wenzake hawamsadiki, na kila akivitaja mwili mzima unamkakamaa na kurukaruka kama sato aliyetupwa ufukweni, hivi kwamba hata siku ambayo angeweza kusikilizwa, yeye mwenyewe ndiye anayewapa watu sababu ya kumwona mwendawazimu. Jioni anarudi kwa mama yake, maana bado anaishi naye. Baadaye tunakuja kufahamu kwamba alipokuwa mtoto naye alikuwa na viumbe haohao, akavipoteza. Mtoto anayetazama anajua mambo mawili kwa pamoja: mtu huyu anataka kunidhuru, na hataweza. Wewe umempa mpwa wako lile la kwanza peke yake.

Kuna la pili, nalo ni la kiufundi. Mwanafalsafa wa Ufaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba tunacheka pale mtu aliye hai anapojiendesha kama mashine, akirudia jambo lilelile hata mahali ambapo halifai. Kwetu sisi wachoraji wenye mikono miwili na kompyuta inayochemka, hiyo ni habari njema. Ukichora picha 12 kwa sekunde, dakika zako mbili zinadai picha 1,440. Mwalimu aliyekakamaa anakupunguzia mzigo: kiwiliwili kimoja kisichosogea, mkono mmoja unaojirudia, na midomo michache ya kubadilisha. Uchovu wake ni akiba yako.

Kwa hiyo mtafutie tabia moja tu, kisha umfuate nayo hadi nje ya shule. Mimi ningempa dasta. Kabla ya kusema neno lolote anagonga meza mara tatu kwa dasta: ko, ko, ko. Darasani watoto wanaganda. Nyumbani anagonga meza ya chakula mara tatu kabla ya kuomba chumvi, na kuku wanatawanyika. Kisha mpandishe daladala. Anataka kumkemea abiria aliyemkanyaga, anagonga bodi la gari mara tatu, dereva anadhani ni konda, anasimamisha gari katikati ya barabara, konda anamshusha mwalimu kwa kuwa ndiye aliyeomba kushuka. Anabaki kando ya lami na dasta lake mkononi. Hapo mtoto wa dada yako atacheka, na kesho yake Kisirani akiingia darasani bado atatisha kiasi cha kumpa binti kazi ya kufanya.

Na hiyo tai ya maua itupe. Nguo ya kuchekesha ni kilio cha mchoraji aliyekosa wazo.

Mama wa Watatu (Kiborloni, Moshi) amejibu:

Mimi si mchoraji, nina genge la mboga na watoto watatu, na ninaomba mnivumilie kwa kuwa nitapinga kidogo. Mwanangu wa pili huumwa tumbo asubuhi za siku zenye kipindi cha mwalimu mmoja fulani. Jumamosi haliumi, na wakati wa likizo haliumi. Nimempeleka kupimwa minyoo, nimempikia uji wa ulezi, nimemchemshia na tangawizi, mpaka siku moja nikaiangalia ratiba iliyobandikwa kwenye jalada la daftari lake nikaelewa. Sasa mtoto wa namna hii, akikaa mbele ya televisheni akamwona mwalimu yuleyule amefanywa kichekesho, je, hamtakuwa mmemwambia kwamba maumivu yake ni mzaha? Sijibu, ninauliza.

Halafu jambo dogo, lakini linanikera kila nikifungua redio. Tafadhali huyo Kisirani asipewe lafudhi ya Kichaga na mapenzi ya kuhesabu noti. Kila anayetaka kuchekesha watu kwa urahisi anatuletea Mangi mwenye kikokotoo. Tumeshachoka nalo.

Bibi Mwalimu, mstaafu (Marangu) amejibu:

Wanangu, nimesoma maneno yenu yote, na kwa kuwa nimekaa miaka 41 upande ule wa meza ambao ninyi mnauchora kwa mbali, naomba nichukue nafasi ndefu kidogo.

Niliingia kazini kwa mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, uliofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, nikiwa msichana aliyemaliza darasa la saba, nikajifunza ualimu huku nikifundisha. Watu walitutania kwamba herufi zile maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka pamoja nao, kisha tukarudi darasani. Nawaeleza hili ili mjue kwamba kucheka mwalimu hakukuanza na katuni, na kwamba mwalimu anayechekwa huwa anasikia.

Mchoraji, umemchora Kisirani akiwa ameshakauka tayari, na ndiyo maana anafanana na jini. Hebu mchore kwanza anavyokauka. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mimi niliwahi kuwa na 94 katika chumba kimoja, wa mwisho wamekaa kwenye kizingiti cha mlango. Piga hesabu wewe mwenyewe: ukisahihisha kila daftari kwa dakika mbili, hizo ni dakika 188, yaani zaidi ya saa tatu kwa zoezi moja la somo moja, na kesho kuna zoezi jingine. Nilikuwa nikiyafunga madaftari kwa kanga, nayapandisha mlimani kichwani kama mzigo wa majani ya ng'ombe, na usiku nayafungua mezani chini ya taa. Mpaka daftari la kumi na tano nilikuwa mwalimu. Kufikia la sitini, alama yangu ya vema haikuwa tena vema, ilikuwa mstari mmoja uliolala, kwa kuwa mkono ulikuwa umekataa kupanda. Siku moja mtoto mmoja akaniletea daftari lake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaniambia, "Mwalimu, hapa umenipa vema." Nikatazama. Chini ya swali la sehemu alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri sana, "Mwalimu sijui." Nami nilikuwa nimeweka vema.

Nilimfokea yule mtoto. Hakuwa na kosa lolote, nami nilijua, na nadhani ndiyo sababu nilifoka kwa sauti kubwa vile. Kisirani wako yuko pale, Mchoraji, katika ile nusu dakika.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya iliyopitishwa mwaka 2019, liliuweka uchovu wa namna hii kama jambo linalotokana na kazi, wala halikuuita ugonjwa, na likautambua kwa dalili tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeigeukia kwa kejeli, na kazi yenyewe inaharibika. Kwa mchoraji hizo ni picha tatu zilizokwisha tayarishwa. Ya kwanza ni mwalimu anayelala amesimama, amejiegemeza ubaoni, na akiondoka jedwali la kuzidisha limebaki mgongoni mwa koti lake, lakini kinyumenyume. Ya pili ni kejeli yake: mtoto akijibu sawa, mwalimu anasikitika. Ya tatu ni kwamba anakosea hesabu mwenyewe ubaoni, darasa zima linaona, na hakuna anayethubutu kunyosha kidole isipokuwa binti yako. Hapo ndipo steringi anapopata kazi.

Sasa nije kwenye fimbo, kwa maana Mama wa Watatu amegusa panapouma na hakustahili kuachwa bila jibu. Mimi nisingeiondoa fimbo, kwa kuwa mtoto wa Kitanzania akiona shule isiyo na fimbo atadhani ni hadithi ya Ulaya. Ningeiacha inyanyuliwe kila mara, na isitue hata mara moja, na kinachoizuia kiwe ni kanuni zetu wenyewe. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2002, viboko havizidi vinne, anayevitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu sharti iandikwe katika daftari maalumu. Mnajua na mimi najua jinsi kanuni hizo zinavyofuatwa. Lakini katika katuni zifuatwe zote, nukta kwa nukta! Kisirani anainua fimbo, anakumbuka kibali. Anakwenda ofisini, mwalimu mkuu yuko kwenye kikao halmashauri. Anarudi siku ya pili, mwalimu mkuu yupo lakini muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameenda msibani. Siku ya tatu kibali kimepatikana, daftari la adhabu limejaa mpaka jalada la nyuma. Anakwenda mjini kununua jingine kwa fedha zake, anadai risiti, duka halina risiti. Anaporudi, kengele ya kwenda nyumbani imelia, na hakumbuki tena mtoto yupi alikosa nini. Ukali wote umeishia kwenye makaratasi, kama ulivyoishia wangu.

Mama yangu, huyo mtoto wako anayeumwa tumbo, nadhani hatamcheka mtoto anayepigwa, kwa sababu hakuna anayepigwa. Atamwona mtu mzima mwenye nguvu zote akishindwa na daftari. Ila wewe ndiye unayemjua mwanao, na kama utaona bado analishika tumbo, zima televisheni, wala usitusikilize sisi. Na hata kabla ya katuni, nenda ukaonane na mwalimu huyo, uketi naye kwenye benchi, umuulize ana wanafunzi wangapi kabla hujamuuliza kwa nini. Mimi hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza hilo la kwanza.

Mchoraji wa Pasua amejibu:

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nimeisoma habari ya "Mwalimu sijui" mara tatu, na nimeamua kuomba ruhusa yako niichore kama ilivyo, isipokuwa binti wangu ndiye atakayeleta daftari.

Fundi, la dasta nimelichukua pamoja na daladala. Mama wa Watatu, lafudhi nimeshaiondoa. Nakiri kwamba ilikuwepo, na nakiri kwamba nilidhani inachekesha kwa sababu mimi mwenyewe ni wa Kibosho. Kisirani sasa atasema Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari, na nadhani kinamkaa vizuri zaidi, kwa kuwa mtu aliyechoka kiasi kile akitamka kila herufi kwa usahihi anaonekana kama anayebeba maji kwenye kijiko.

Swali moja limebaki. Watoto wangu wa hadithi wanahitaji njia ya kujua mapema siku yake itakuwaje, ili wajiandae, kama sisi tulivyokuwa tukisoma mwendo wa mwalimu kutoka getini. Nilifikiria mlima. Asubuhi Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi wanavuta pumzi, ikifunikwa na wingu wanaanza kukariri jedwali la saba. Je, limezidi?

Fundi wa Fremu amejibu:

Halijazidi, na litakusaidia pia kwa mandhari, kwa kuwa mlima ni picha moja na wingu ni picha moja inayosogea. Hadhari ni moja tu: wingu lisimtii mwalimu kila siku, maana mlima ule kwa kawaida huonekana asubuhi na mapema kisha hujifunika, na mtoto wa Moshi atajua kwamba unamdanganya. Afadhali watoto waamini ishara hiyo, na siku moja iwaangushe vibaya: Kibo nyeupe kabisa, anga safi, na Kisirani anaingia na mtihani wa kushtukiza.

Bibi Mwalimu amejibu:

Marahaba mwanangu. Ruhusa umepata, ila chora na taa, ilikuwa ya chemli na kioo chake kilikuwa na ufa. Kuhusu mlima, naona mmesahau jambo moja. Meza ya mwalimu katika madarasa niliyofundisha ilikuwa imelipa dirisha kisogo. Watoto ndio waliokuwa wakiuona mlima kutwa nzima, mwalimu alikuwa akiuona ukutani, kwenye kalenda ya mwaka uliopita.

Mama wa Watatu amejibu:

Nimekwenda leo shuleni. Ana 107. Sikumuuliza lile la pili, nitarudi wiki ijayo. Nilimkuta anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai huku amesimama, na kalamu nyekundu iko sikioni. Mchoraji, iweke hiyo kalamu sikioni, na ukitaka kuchekesha, mwache aitafute.

Mchoraji wa Pasua amejibu:

Ahsante sana Mama. Anaitafuta tangu jana usiku; nimefikia picha ya 212, ameshapekua droo, kapu la taka na mfuko wa shati wa mwalimu mwenzake.

Nimebakiza ombi la mwisho kwa mtu yeyote aliye Moshi mjini au karibu na hapo. Natafuta ringi la gari la zamani, lile la chuma lililokuwa likining'inizwa kwenye mti na kugongwa kama kengele ya shule, ili nirekodi sauti yake kwa nusu saa na kulirudisha. Nimejaribu kugonga sufuria ya ndani, lakini kila ikilia mpwa wangu mdogo ananawa mikono na kukaa mezani.